Masta Ujerumani kutokea Bongo: karatasi ipi itangulie ipi, na jinsi ya kutembea Ulaya ukishafika

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba au wa nane meseji zinakuja za aina moja, "kaka nimepata admisheni Ujerumani, chuo kinaanza Oktoba, sasa nifanyeje?" Ukimuuliza vizuri unakuta barua ya chuo anayo, ila hela ya kuonyesha haijakamilika, ubalozini hajagusa, na cheti cha kuzaliwa ndo kwanza yuko foleni RITA. Huyo hajakosa akili wala sifa, kakosa mpangilio. Ujerumani kila karatasi ndo mlango wa karatasi inayofuata, ukiruka moja zote za mbele zinakugomea, na hakuna mtu wa kumpigia simu akakusaidia kusogeza faili.

Nimeandika haya kwa mtu mwenye bachela ya hapa nyumbani anayetaka masta, maana ndo njia wabongo wengi wanapitia. Wa kutoka form six kwenda bachela kule una mambo yako mengine (Kijerumani, pengine na mwaka wa maandalizi unaoitwa Studienkolleg), kwa hiyo baadhi ya hatua chukua, nyingine ziache.

HATUA YA 1: Anza mwaka mzima kabla, na anza na GPA yako

Masomo kule yana mihula miwili, wa baridi unaanza Oktoba na wa kiangazi unaanza Aprili. Deti za kawaida za mwisho wa kuaplai ni 15 Julai kwa Oktoba na 15 Januari kwa Aprili, lakini usizitegemee hizo. Kozi za masta za Kiingereza zinazopokea wageni nyingi zinafunga mapema zaidi, wengine mwezi wa tatu, wengine hata kabla, kwa sababu wanajua viza zinachukua muda. Kwa hiyo kama unataka Oktoba hii, Oktoba iliyopita ulitakiwa uwe umeshaanza kuchagua kozi.

Kabla hujachagua piga hesabu ya maksi zako kwa kipimo chao. Kwao 1.0 ndo ya juu kabisa na 4.0 ndo ya kupenya, kinyume na sisi. Vyuo vingi vinatumia fomula ya Bavaria, inaonekana ya kutisha ila kwa mfumo wetu wa GPA ya 5 ambapo kupasi ni 2.0 inajifupisha yenyewe, chukua 6 toa GPA yako. Una 4.1? Kwao wewe ni 1.9. Una 3.5? Wewe ni 2.5. Na hapo ndo pa kuangalia sana, kozi nyingi zinaandika wanataka 2.5 au bora zaidi, maana yake upper second ya chini kabisa ndo mpaka. Mwenye lower second asikate tamaa moja kwa moja, zipo kozi zinapokea mpaka 3.0, hasa zile za vyuo vya sayansi tumizi vinavyoitwa Fachhochschule, ila asipoteze hela kuaplai sehemu ambayo wameshasema namba yao.

Kozi zitafute kwenye tovuti ya DAAD, lile shirika la Ujerumani la skolashipu na kubadilishana wanafunzi, ni bure na unaweza kuchuja kwa lugha, ada na deti. Halafu ingia kwenye anabin, ile kanzidata yao ya kutambua vyuo vya nje, uone chuo chako kimeandikwa H+, yaani kinatambulika. Hii watu wengi hawafanyi, mpaka chuo kiwaulize.

HATUA YA 2: Hesabu ya hela, na hapa tusidanganyane

"Ujerumani elimu ni bure" ni kweli nusu. Vyuo vya umma vingi havichukui ada, unalipa mchango wa muhula tu, unacheza kwenye euro 100 hadi 400 hivi, na mara nyingi ndani yake kuna tiketi ya usafiri. Ila kuna jimbo la Baden-Württemberg (Heidelberg, Freiburg, Stuttgart, Tübingen, Karlsruhe, Mannheim huko) tangu muhula wa baridi wa 2017/18 wasio wa Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa muhula. Na chuo kikuu cha ufundi cha Munich, TUM, toka 2024/25 kinachaji wageni wapya, masta ni euro 4,000 mpaka 6,000 kwa muhula. Soma kwanza kozi yako iko wapi ndo ufurahi.

Hela yenyewe iko kwenye Sperrkonto. Hii ni akaunti ambayo unaweka pesa ya kuishi mwaka mzima halafu inafungwa, ukifika unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Kiwango cha sasa ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu ni milioni 30 na ushee, rate ikipanda inapanda nayo. Na lazima ukae ukijua, ubalozi hautaki benki stetimenti ya mjomba yenye milioni 50 zilizoingia wiki iliyopita, wanataka hela iwe imefungwa kwa jina lako, basi.

Sasa nani ana milioni 30 cash? Wachache. Njia nyingine ni hizi. Skolashipu, barua yake inachukua nafasi ya Sperrkonto. Mtu anayeishi na kufanya kazi kule akakusainia Verpflichtungserklärung, yaani ahadi ya kubeba gharama zako, kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, na hiyo sio karatasi ya kuomba kirahisi kama unaomba vocha, maana ukikwama yeye ndo anadaiwa kisheria. Au familia kuchanga. Nimeona ukoo umekaa kikao, WhatsApp group likafunguliwa, kamati ikaundwa kabisa kama ya harusi, na ikafika. Ila anza mapema, watu wanachangia harusi kwa kasi kuliko shule.

Kwa wenye kazi, DAAD wana mpango unaitwa EPOS wa masta zinazohusiana na maendeleo, maji, afya, mipango miji, kilimo na kadhalika. Wanataka angalau miaka 2 ya uzoefu kazini baada ya bachela na digrii yako isiwe imezeeka sana, kawaida miaka 6. Wanalipa posho, bima, na nauli. Watu wanaukwepa eti "hawa wanachukua wa serikalini tu", wakati ukiangalia masharti yenyewe wanataka mtu mwenye kazi inayoeleweka na sababu inayoeleweka. Deti zao zinatofautiana kozi kwa kozi, na zingine zinafunga mwaka mzima kabla.

Na deni la bodi ya mikopo halifutiki kwa kupanda ndege, lipangie.

HATUA YA 3: Kukusanya nyaraka

Unahitaji pasi (150,000, ile ya kielektroniki ya miaka 10), cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya form four na six, cheti cha digrii na transkripti, CV, barua ya motisha, rekomendesheni mbili, na uthibitisho wa Kiingereza. Kuhusu Kiingereza, soma kozi yako kwanza kabla hujalipia IELTS, kuna kozi zinakubali barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Wengine hawataki kuisikia. Mara nyingi wanaotaka IELTS wanataka 6.5.

Majina, aisee majina. Juma H. Mussa kwenye cheti cha form four, Juma Hamisi Mussa kwenye pasi, Juma Hamis kwenye digrii. Hapa nyumbani tunaelewana, kule hao ni watu watatu. Rekebisha mapema au pata deed poll au kiapo kwa wakili, na utumie jina la pasi kwenye kila fomu utakayojaza kuanzia siku hiyo, mpaka tiketi ya basi.

Ukikutana na video za Wahindi wanazungumzia cheti cha APS usihangaike, hiyo ni kwa wanaotoka India, China na Vietnam.

Barua ya motisha iandike mwenyewe. Maprofesa wa kule hawapendi "since my childhood I have been passionate". Waambie ulifanya nini kwenye project yako ya mwaka wa mwisho, ulipata tatizo gani, na kozi yao ina moduli gani inayogusa hilo tatizo, taja moduli kwa jina. Ukurasa mmoja, mmoja na nusu ukizidi sana.

HATUA YA 4: Kuaplai

Vyuo vingine unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wao, vingine lazima upitie uni-assist huko Berlin ambao wanakagua vyeti kwa niaba ya vyuo. Uni-assist ni euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila la ziada ndani ya muhula huohuo, kwa hiyo ukishalipa 75 unganisha na vingine viwili vitatu. Hela yao isipofika faili haliguswi, na kadi ya benki yako lazima iwe imefunguliwa kwa malipo ya onlaini, hilo kalimalize benki kabla ya siku ya mwisho.

Aplai kozi tano mpaka nane hivi, mchanganyiko wa ngumu na za kawaida. Usiganganie Berlin na Munich. Miji kama Leipzig, Magdeburg, Siegen, Kassel, Chemnitz ina vyuo vizuri na chumba unaweza kupata kwa bei ambayo Munich hata stoo hupati.

HATUA YA 5: Admisheni imekuja, sasa kimbia

Siku unapata barua, siku hiyohiyo fanya vitatu kwa pamoja. Omba chumba kwenye Studierendenwerk ya mji ule, hao ndo wenye hosteli za wanafunzi, foleni yao ni ya miezi na anayesubiri viza kwanza ndo aombe chumba atalala kwenye kochi la watu. Fungua Sperrkonto. Na anza maombi ya viza.

Kwenye kutuma hela ya Sperrkonto nenda benki na barua ya admisheni na maelezo ya akaunti, watakuuliza ya nini, waonyeshe. Ongeza euro chache juu ya kiwango kwa sababu benki za katikati zinakata, ikifika pungufu hata kwa euro 20 hupati ule uthibitisho mpaka uongezee, na hapo wiki mbili zimeenda. Viza ikikataliwa hela inarudi ukionyesha barua ya kukataliwa, makato madogo yapo.

Viza ya masomo ni ya kitaifa, sio ile Schengen ya utalii, ada yake euro 75 na ubalozi uko Dar pale Umoja House. Angalia tovuti ya ubalozi wenyewe orodha ya nyaraka na upange kwa mpangilio uleule walioandika. Bima unahitaji ya aina mbili, ya safari kwa siku za mwanzo na ya afya kwa kule. Mahojiano hayana ugomvi, watakuuliza kwa nini kozi hii, kwa nini huko, utaishije, baadae utafanya nini. Jibu kile ulichoandika kwenye barua ya motisha, na kisome tena usiku wake.

Kitu kimoja kimebadilika na wengi hawajui. Zamani ukinyimwa viza unaandika barua ya kupinga bure ubalozini wanaangalia tena. Kuanzia Julai 2025 hiyo njia imefungwa, ukinyimwa unaomba upya au unaenda mahakamani Berlin. Kwa hiyo faili liwe limekamilika mara ya kwanza, kusema "nitaongezea baadae" imekwisha.

Kuhusu maajenti, mtu anayekuomba milioni 4 akutafutie admisheni Ujerumani anauza kitu ambacho fomu yake ni bure. Kama una hela ya kumlipa, kalipie IELTS na uni-assist halafu chenji nunua koti.

Bima na umri, hapa dada zangu na kaka zangu mliokaa kazini kidogo msikilize. Bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi, euro 140 na kitu kwa mwezi, ni mpaka unapofika miaka 30. Ukizidi hapo unaenda bima ya binafsi au unalipa zaidi, na ukishaingia ya binafsi kurudi ya umma ukiwa mwanafunzi ni shida. Linganisha kabla hujasaini, zile za bei rahisi sana nyingi ni za wasafiri na ofisi ya uhamiaji inaweza kuzikataa siku unaomba kibali.

HATUA YA 6: Begi

Vyeti orijino kwenye begi la mkononi, sio la kupima. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kabisa, kwa hiyo ile nyama kavu ya mama na samli viache. Samaki mkavu kwa matumizi yako ruksa, dagaa wamepita sana. Matunda mabichi hapana bila cheti cha mimea, ila nanasi, nazi, ndizi na tende zimesamehewa, usiniulize kwa nini. Unga wa sembe utaupata kwenye maduka ya Waafrika, bei itakuuma lakini upo. Plagi za kule ni za miguu miwili ya duara, chukua adapta mbili za kuanzia. Koti la baridi kali nunua kulekule au kwa mtumba wa kule, makoti ya Kariakoo ni ya Makambako sio ya Januari Leipzig.

HATUA YA 7: Wiki za mwanzo, fuata mpangilio huu huu

Kwanza anwani. Ukipata chumba unaomba mwenye nyumba karatasi inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, inathibitisha unaishi pale. Bila hiyo hakuna kitu.

Pili Anmeldung, unaenda ofisi ya mji kujiandikisha, sheria inasema ndani ya wiki mbili toka uhamie. Apointimenti zinaisha kwa hiyo weka hata kabla hujapanda ndege kama anwani unayo.

Tatu akaunti ya benki, nne unawatumia watu wa Sperrkonto namba ya akaunti waanze kukuachia ile 992, tano bima ianze rasmi, sita chuo wakamilishe usajili, saba Ausländerbehörde, ile ofisi ya wageni, kuomba kibali cha kuishi kabla viza haijaisha. Hii ya saba ombea mapema mno, kuna miji unasubiri miezi. Na uje na hela ya kukutosha mwezi mmoja na nusu mfukoni au kwenye kadi, kwa sababu toka hatua ya kwanza mpaka ya nne unaweza kupita mwezi hujaona senti ya Sperrkonto.

Halafu kitu kidogo kinachoua watu, andika jina lako kwenye sanduku la barua mlangoni. Ujerumani bado inaishi kwa barua. Namba ya kodi, kadi ya benki, neno la siri, kadi ya bima, kila kimoja kinakuja na posta, na tarishi asipoona jina lako kwenye sanduku anarudisha alikotoka. Kama unapanga kwa mtu, bandika kikaratasi chenye jina lako chini ya lake, siku ya kwanza.

Itakuja pia barua ya Rundfunkbeitrag, mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Utasema mimi sina hata tv. Hawajali, ni kwa nyumba. Mkiwa watatu flati moja analipa mmoja mnagawana. Usitupe hizo barua, deni linakua na wanalifuata kweli.

Kwenye vyumba vya kupanga binafsi jua tofauti ya Kaltmiete na Warmmiete, ya kwanza ni chumba kitupu, ya pili imeongezewa joto na maji, na umeme au intaneti unaweza kukuta bado uko nje. Depoziti kisheria haizidi kodi tatu za Kaltmiete. Na yule mwenye nyumba ambaye "yuko London kikazi, tuma depoziti nitakutumia funguo kwa posta" ni tapeli, kila mji yupo, kila mwaka anapata watu.

HATUA YA 8: Kusoma kwenyewe

Hapa ndo panaponyoosha watu waliokuwa na GPA kubwa nyumbani. Kule darasani hakuna anayekuita jina, mahudhurio mara nyingi hayahesabiwi, profesa anakuja anaongea anaondoka, na somo zima unaweza kuta linapimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho. Sisi tumezoea coursework 40 na UE 60, unaingia kwenye UE ukijua uko wapi. Kule unaingia na sifuri.

Mtihani unajisajili mwenyewe kwenye mfumo, kusajiliwa somo sio kusajiliwa mtihani. Kuna dirisha lake, likifungwa limefungwa, hata kama ulisoma mpaka usiku wa manane. Na kozi nyingi zinakupa nafasi tatu kwa kila mtihani wa lazima, ukifeli ya tatu unatolewa kwenye kozi na kozi hiyohiyo huwezi kuisoma chuo kingine cha Ujerumani. Kujitoa kabla ya deti ya kujitoa hakuhesabiwi kama jaribio, kwa hiyo kama unaona kabisa hujaiva, jitoe kwenye mfumo, usiende "kujaribu bahati". Bahati yenyewe ina hesabu.

Ratiba ukiona 10 c.t. maana yake kipindi kinaanza saa nne na robo, ukiona s.t. ni saa nne kamili na hiyo kamili ni kamili. Muhula unabeba pointi 30 za ECTS, kipimo cha Ulaya cha uzito wa masomo, na kila pointi ni masaa 25 hadi 30 ya kazi, hesabu mwenyewe uone kama kazi ya usiku ghalani inaingia wapi.

Profesa anaonwa kwenye Sprechstunde, saa zake za kuonana na wanafunzi, unaweka miadi kwa imeili. Nenda na swali limeandikwa. Atakujibu kavu, atasema "hii sura ya pili haina hoja" bila kukuuliza habari za nyumbani, na wabongo wengi wanatoka pale wanajua wanachukiwa. Hapana, ndo anavyoongea na wote, na wiki ijayo anaweza kukupa kazi ya usaidizi wa utafiti. Kazi hizo za chuoni wanaziita HiWi, zitafute kabla ya zile za kubeba maboksi. Kama uko Leipzig, Bayreuth au Hamburg ambako Kiswahili kinafundishwa chuoni, ulizia idara, wakati mwingine wanatafuta msaidizi mzawa wa lugha. Bayreuth wana kongamano la Kiswahili kila mwaka, utakula na ubwabwa siku hiyo.

Kijerumani jifunze hata kama kozi ni ya Kiingereza. Ukianza A1, ngazi ya kwanza, pale Goethe hapa Dar kabla hujaondoka umeokoa muhula mzima wa kupigwa butwaa kwenye maofisi.

HATUA YA 9: Kazi, kwa ufupi

Toka Machi 2024 mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na zile za HiWi chuoni hazihesabiwi humo. Kima cha chini cha mshahara toka Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa, ukilipwa chini ya hapo unaibiwa. Usifanye kazi bila mkataba, bima ya ajali huna na kibali unakiweka rehani. Na usipange kwamba kazi ndo italipa mwaka wa kwanza, bila lugha miezi ya mwanzo unatafuta tu.

HATUA YA 10: Kutembea

Ukishapata kibali cha Ujerumani nchi zote za Schengen uko huru siku 90 ndani ya kila siku 180, bila viza nyingine. Ufaransa, Italia, Uhispania, Uholanzi, Uswisi pia, Kroatia toka 2023, Romania na Bulgaria toka 2025 mpaka kwa barabara. Uingereza na Ireland hazimo, huko unaomba viza upya kama unatokea Dar. Watu wanakata tiketi ya London ya euro 19 halafu wanarudishwa uwanjani, tiketi rahisi sio ruhusa.

Anza na tiketi uliyonayo. Vyuo vingi sasa mchango wa muhula una Deutschlandticket ndani, inakubali treni za mikoa, mabasi na metro nchi nzima, ila sio ICE wala IC, zile treni za kasi za masafa marefu. Yaani unatoka Leipzig mpaka Munich kwa treni za polepole kwa kuungaunga, unafika umechoka lakini hujatoa senti. Na inafika mpaka stesheni ya Salzburg, Austria, kwa hiyo nchi ya pili umeipata bure. Kama chuo chako hakina, ya kawaida toka Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi.

Mbali zaidi ni mabasi ya usiku na ndege za bei chee. Kwenye ndege hizo angalia ukubwa wa begi, faini ya begi inazidi tiketi. Basi la usiku linakuokoa hela ya kulala. Hosteli weka nafasi yenye jiko, pika, Paris sahani ya wali itakurudisha nyumbani kwa mawazo.

Beba pasi orijino na kadi ya kibali kila ukivuka mpaka, hata kwenye basi, hata ukienda Prague kwa siku moja. Ujerumani toka Septemba 2024 imerudisha ukaguzi mipaka yake yote ya nchi kavu, polisi wanapanda basi saa tisa usiku wanauliza, na picha ya pasi kwenye simu haikusaidii. Wataanza na wewe mara nyingi kuliko aliyekaa pembeni yako, tujiandae kisaikolojia, toa karatasi, jibu kwa kifupi, lala tena. Kama kibali kimeisha na umepewa karatasi ya muda unasubiri kipya, usivuke mpaka kabla hujauliza ofisi iliyokupa, maana sio kila mtu anaruhusiwa na inategemea walichoweka tiki.

Safari ndefu panga Februari mwishoni mpaka Machi na Agosti mpaka Septemba, vipindi hakuna. Ila usisahau muda huo ndo wanatupia deti za Hausarbeit, zile insha ndefu, na mitihani ya marudio.

HATUA YA 11: Kumaliza

Ukimaliza unaweza kuomba kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi ya fani yako, omba kabla kile cha masomo hakijaisha. Ukiamua kurudi, fanya Abmeldung, yaani kujiondoa kwenye daftari la wakazi, kwenye ofisi ya mji, na hiyo karatasi ndo utaitumia kufuta Rundfunkbeitrag, bima na mkataba wa simu, vinginevyo vinaendelea kukata. Dai depoziti yako kwa maandishi na uache akaunti ya benki wazi mpaka irudi. Chukua transkripti za Kiingereza nakala tatu zenye muhuri kabla hujaondoka, kuziomba ukiwa Tabora ni kazi nyingine, na ukifika peleka cheti TCU kikatambuliwe mapema, kabla hujaona tangazo la kazi lenye siku saba za kuaplai.